Sura ya 6: Mvua ya Milimani, Bomba la Bamburi

Kila wiki Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao makuu Dagoretti Corner jijini Nairobi, hutoa utabiri wa siku saba. Si waraka mrefu: ramani ya nchi iliyopakwa rangi, maelezo ya kanda moja baada ya nyingine, na viwango vya joto la mchana na baridi ya usiku. Mkazi wa Bamburi, Mombasa, akiufungua kwenye simu huteremka moja kwa moja hadi penye neno Pwani, asome mistari mitatu minne, afunge. Mwezi wa Mei mistari hiyo hufanana mwaka hata mwaka. Mvua ya asubuhi katika maeneo kadhaa, manyunyu ya alasiri katika maeneo machache, mvua tena usiku, upepo wa kusini wenye nguvu baharini. Amalizapo kusoma hubaki na swali lile lile alilokuwa nalo kabla ya kufungua: je, huku kwetu itanyesha?

Swali hilo halina ubaya, ila halitoshi. Maji ayaogayo mtu wa Bamburi, kabeji anayoinunua soko la Kongowea, hata siku bomba litakapokauka, mambo hayo yote wiki ya Mei huamuliwa mbali na ufuo, kwenye milima ambayo wengi wetu twaiona kupitia dirisha la basi tukienda Nairobi. Habari zake zimo kwenye waraka ule ule, mistari michache tu juu au chini ya pale tulipoachia.

Tuanze na upepo, kwa sababu Mei ni mwezi wa upepo kabla haujawa mwezi wa mvua. Kaskazi inakuwa imekwisha tangu Machi au mapema Aprili, na kusi imeshika. Chanzo chake kiko kusini sana, karibu na visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius, Réunion na Rodrigues, ambako hewa nzito ya kipindi cha baridi cha kusini hujilimbikiza na kufanya mgandamizo mkubwa. Hewa haikubali kulimbikizwa, hukimbilia palipo pepesi. Basi hutoka huko ikielekea kaskazini-magharibi, hupita juu ya bahari yenye joto ikinywa mvuke, na ifikapo mwambao wetu hukuta ukuta wa nyanda za juu za Afrika Mashariki umesimama mbele yake. Haiwezi kuupita kwa urahisi, kwa hiyo hupinda kulia, huvuka ikweta juu ya tambarare za Kenya na Somalia, kisha hukata Bahari ya Arabu kwenda Bara Hindi.

Mwaka 1969 mtaalamu Mwingereza J. Findlater alieleza kwamba ndani ya upepo huu umo mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, unaokimbia kwenye kimo cha kama kilomita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini. Hadi leo wataalamu wauita kwa jina lake. Mkulima wa Kerala, kusini mwa India, aisubiriye mvua ya mwanzo wa Juni, asubiri upepo uliopita karibu nasi kwanza. Mabaharia wetu hawakuhitaji chombo cha kupimia kuyajua haya. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi Arabuni na Ghuba kwa kusi, na manahodha walijua kwamba kusi ikishakomaa, kati ya Juni na Julai, bahari si ya kuchezea na bandari nyingi zilikuwa zikifungwa.

Mvua ya Mei hupatikana pale kusi inapoingia lakini bado haijatulia. Mombasa hupata zaidi ya milimita 200 za mvua katika mwezi huo mmoja, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, ilhali Februari mara nyingi haifiki hata milimita 30. Nairobi ni tofauti: kilele chao cha masika ni Aprili, na ifikapo mwisho wa Mei mvua yao yaelekea ukingoni. Sisi huwa ndiyo kwanza tumelowa, na mara kwa mara masika yetu huburura miguu hadi Juni.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni wa Bamburi hulishangaa. Mvua yetu ya Mei hupenda usiku wa manane na alfajiri. Bara, jua huchemsha ardhi mchana, hewa ikapanda, mawingu yakajengeka, na ifikapo saa tisa au kumi alasiri ngurumo zikaanza. Pwani mambo hupinduka. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko bahari, na upepo hafifu wa nchi kavu, ule ambao wavuvi huuita umande, hutambaa kuelekea majini. Huko nje ya miamba hukutana uso kwa uso na kusi inayoingia. Zinapogongana, hewa haina pa kwenda ila juu, na mawingu hukomaa baharini kisha husukumwa nchi kavu. Ndiyo sababu mtu wa Utange au Kiembeni huamshwa na bati saa kumi usiku, akaenda kazini amevaa koti, na saa sita mchana akawa anatafuta kivuli. Mwandishi wa utabiri aandikapo "mvua asubuhi" kwa kanda ya Pwani hajakopi sentensi ya wiki jana. Anaeleza mgongano huo.

Sasa tupande. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu, baada ya kilomita 150 hivi za nyika unaona milima imejitokeza kushoto bila kuaga: Sagalla juu ya mji wa Voi, na nyuma yake Taita yenyewe. Kilele chake kirefu, Vuria, kiko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Voi iko kwenye mita 600 hivi. Kusi iliyotoka Bamburi asubuhi na kuvuka nyika yote ya Taru bila kizuizi hukutana na milima hiyo na kulazimika kuipanda. Hewa ipandapo hupoa, kwa wastani nyuzi sita au saba kila mita 1,000, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Sehemu hugeuka wingu, sehemu mvua, na sehemu ukungu mzito unaoning'inia kwenye misitu ya Ngangao na Mbololo, ukakamatwa na majani na kudondoka chini tone kwa tone hata siku ambayo kipima-mvua hakijaandika kitu. Mteremko unaotazama bahari hulowa. Upande wa pili, ambako upepo huteremka ukiwa umeshatua mzigo wake, ardhi hukauka kilomita chache tu kutoka penye migomba na kahawa.

Kwa hiyo wiki moja ya Mei katika Taita Taveta ni wiki tatu kwa pamoja. Voi jua linaweza kuwaka na vumbi likatimka. Wundanyi, mita 1,400 hivi, watu wamevaa sweta na ukungu umefunika soko hadi saa nne. Vuria hakuonekani kabisa.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Katika mgawanyo wa kanda unaotumika kwenye utabiri wa taifa, Taita Taveta imewekwa pamoja na Kitui, Makueni, Machakos na Kajiado, katika nyanda za chini za kusini-mashariki. Kiutawala na kitakwimu huenda ina mantiki, kwani sehemu kubwa ya kaunti hiyo kweli ni tambarare kavu na mbuga ya Tsavo. Lakini mkulima wa Wundanyi akisoma kwamba kanda yake "inatarajiwa kuwa na jua" huku maji yanachuruzika kwenye ukuta wa nyumba, huacha kusoma. Milima midogo iliyozungukwa na nyika humezwa na wastani wa nyika. Ofisi za kaunti za idara hiyo hutoa utabiri wa kienyeji zaidi, na mtu wa milimani afanye bidii kuutafuta huo kabla ya ule wa taifa. Sisi wa pwani pia tuna kesi yetu ndogo: kanda ya Pwani hukusanya Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, mwambao wa zaidi ya kilomita 500. Mvua iliyonyesha Kiunga na mvua iliyonyesha Vanga zote ni "mvua Pwani".

Mtu wa Bamburi yamhusu nini ukungu wa Wundanyi? Aende Kongowea alfajiri aulize. Mboga nyingi zinazoshushwa pale, kabeji, nyanya, sukuma na viazi, zimetoka milimani, na Taita ni mojawapo ya mashamba ya jirani zaidi. Wiki ya mvua kubwa kule, barabara za vijijini huwa tope, lori halipandi, nyanya huoza zikiwa bado shambani. Bei hupanda Bamburi siku mbili tatu baadaye, wakati jua laweza kuwa linawaka na hakuna anayekumbuka mvua. Mama mboga anayejua kusoma mstari wa Taita anajua anunue nini Jumatatu.

Kuna sababu ya kisayansi pia ya kutousoma mstari wa Pwani peke yake, nami naiona kuwa ya kuvutia kuliko zote. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, waligundua wimbi kubwa la mawingu na upepo linalozunguka dunia karibu na ikweta, kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa muda wa siku kama 30 hadi 60. Linapopita juu ya Bahari ya Hindi huamsha mvua katika sehemu fulani na kuizima katika nyingine. Miaka 35 baadaye, 2006, Benjamin Pohl na Pierre Camberlin walichapisha utafiti kuhusu wimbi hilo na mvua za Afrika Mashariki. Walichokuta ni kwamba nyanda za juu na pwani aghalabu hazilowi katika hatua moja ya wimbi. Hali ile inayovuta mawingu mazito juu ya milima ya bara siyo ile inayosukuma unyevu wa bahari kuja kwetu. Zamu ya milima ikifika, pwani yaweza kupumua, na zamu yetu ikifika, wao huanika nguo.

Ukiwa na jambo hilo akilini, waraka wa wiki husomeka kwa namna mpya. Ramani yenye rangi nzito magharibi na nyeupe pwani haikwambii kwamba masika yamekwisha. Huenda inakwambia zamu bado. Na wataalamu wa Dagoretti Corner, wanapoandika utabiri wa mwezi mzima badala ya wiki, wimbi hilo ni mojawapo ya mambo wanayoyatazama.

Sasa maneno yenyewe, maana hapo ndipo ugomvi mwingi wa mtaani huanzia. "Maeneo machache" katika lugha ya idara ni chini ya asilimia 33 ya kanda. "Maeneo kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66. "Maeneo mengi" ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo utabiri wa manyunyu katika maeneo machache ya Pwani ukiambatana na siku kavu Bamburi haujakosea hata kidogo, kwa kuwa theluthi mbili za kanda zilitarajiwa kukaa kavu, nawe ulikuwa humo. Hatari iko upande wa pili: mtu aliyezoea kuona "maeneo machache" bila tone hujifunza kupuuza, na siku zamu ya machache ni yake, hukutwa na magodoro nje.

Milimita nayo yaonekana kipimo cha kitoto mpaka uifanyie hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ilani za mvua kubwa za idara kwa kawaida hutaja mvua inayozidi milimita 20 katika saa 24. Chukua nyumba ya Mtopanga yenye paa la bati la mita 10 kwa 5. Milimita 20 juu ya paa hilo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, ambayo ungemlipa mwenye mkokoteni. Imeanguka bure usiku mmoja, na kwenye nyumba nyingi imepitia pembeni ikachimba msingi. Sijui ni nini kilichotufanya tukaona mfereji wa bati kuwa anasa.

Chini ya Bamburi kuna mwamba wa matumbawe, ule ule ulioleta kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na ambao machimbo yake yaliyoachwa yalikuja kupandwa miti na René Haller kuanzia mwaka 1971. Mwamba huo una matundu, maji huzama upesi. Ni heri, maana mahali pengi mafuriko hukauka mapema kuliko Kisauni ya mabondeni. Ni balaa pia, kwani kinachozama na maji ya mvua kutoka vyoo vya shimo hufika visimani bila kuchujwa sawasawa. Wiki ya ilani ya mvua kubwa, maji ya kisima chochote kifupi Bamburi yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama kwa macho ni meupe.

Ongeza bahari. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huja bamvua, na katika bandari ya Kilindini tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4. Mvua ya milimita 50 ikishuka wakati wa maji mafu, mitaro hupata nafasi ya kumwaga. Ikishuka wakati bamvua imejaa na kusi inasukuma maji kuja pwani, mitaro haina pa kumwagia. Utabiri wa mvua haukutajii mwezi, itakubidi uutazame mwenyewe angani. Wavuvi wa ufuo wa Jomo Kenyatta na Bamburi huviunganisha viwili hivyo bila kufikiri, na ilani ya upepo unaozidi kilomita 46 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, maneno ambayo hujirudia katika ilani za idara msimu wa kusi, kwao ina maana moja: hori na ngalawa zisivuke mwamba.

Je, siku saba ni nyingi mno kwa mwanadamu kutabiri? Kwa ujumla utabiri wa kompyuta umekuwa ukisonga mbele kwa kadiri ya siku moja kila miaka kumi: utabiri wa siku sita leo una ubora wa ule wa siku tano wa muongo uliopita. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, chenye makao makuu Reading, Uingereza, ndicho mara nyingi huongoza, na mahesabu yake hutumiwa na idara nyingi duniani. Ila maendeleo hayo yalinufaisha zaidi nchi za mbali na ikweta, ambako mvua huletwa na mifumo mikubwa inayosafiri, inayoweza kufuatwa kama meli. Mvua ya kwetu mara nyingi ni wingu moja lililozaliwa usiku ule ule nje ya mwamba. Siku mbili tatu za mwanzo za utabiri zitegemee. Siku ya nne hadi ya saba chukua mwelekeo tu: wiki ya maji au wiki ya jua, upepo kupanda au kushuka. Mwenye harusi ya Jumapili asiyesoma tena siku ya Ijumaa asimlaumu mtu.

Jaribio kubwa la hivi karibuni lilikuja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilijengeka kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi na kuelekea mwambao wetu, jambo lililo nadra mno. Vimbunga huhitaji mzunguko wa dunia uvisokote, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini, ndiyo maana Msumbiji na Madagaska hupigwa na sisi hukoswa. Idara ilitoa ilani ya upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2, wavuvi na waogaji wakatakiwa wakae mbali na bahari, na serikali ikaahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 4 Mei kimbunga kiliingia nchi kavu Mafia, Tanzania, kikanywea. Mombasa ilipata upepo na bahari iliyochafuka, basi.

Kwenye vibaraza vya Bamburi kicheko kilikuwa kingi: wametutisha bure. Mimi sioni pa kucheka. Watu wa Zanzibar walikoswa na vimbunga miaka na miaka hadi tarehe 15 Aprili 1872, siku kimbunga kilipobomoa mji, kikazamisha majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Lindi iliguswa mwaka 1952. Ilani inayotolewa wakati njia ya kimbunga bado haijulikani hupima hatari, na hatari ilikuwapo. Mtu aliyetaka uhakika angeupata jioni ya tarehe 4, wakati ambapo haungemsaidia chochote.

Babu zetu nao walikuwa na karatasi yao ya utabiri, ila waliibeba kichwani. Mwaka wa Waswahili wa jua, unaoanza kwa Nairuzi, ulikuwa na siku 365, zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na gatha ya siku tano za kufungia. Nahodha alijua safari katika mwongo wa ngapi, mkulima alijua mpunga upandwe mwongo wa ngapi. Udhaifu wake ni kwamba haukuongeza siku kila mwaka wa nne, hivyo uliteleza polepole dhidi ya jua, na mvua isiyokuja katika mwongo wake haikuwa na maelezo. Lakini wazo la siku kumi kumi halikufa. Idara ya Hali ya Hewa hadi leo hutoa taarifa ya wakulima ya kila siku kumi, kwa sababu zao za kitaalamu zisizohusiana na Nairuzi. Na huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, wataalamu wa idara hiyo wamekaa meza moja na wazee wa ukoo wa Nganyi, wenye sifa ya kale ya kusoma mvua kwa miti, ndege na wadudu, wakatoa utabiri wa pamoja. Sijaona pwani ikifanya vivyo na wavuvi wake kwa ukamilifu ule, na ni hasara.

Limebaki bomba.

Maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Mabomba ya Marere hushuka kutoka Milima ya Shimba, Kwale. Yale ya Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi zilizomo Tsavo Magharibi, na chemchemi hizo zenyewe hulishwa na mvua ya Milima ya Chyulu, safu ya volkano changa isiyo na mto hata mmoja, kwani mwamba wake hunyonya kila tone na kulipitisha chini kwa chini makumi ya kilomita. Mvua ya Chyulu ya wiki hii haitaonekana Mzima wiki hii. Milima hiyo huweka akiba, na hata ukame ukiuma Mzima huendelea kutiririka.

Bamburi, hata hivyo, hutegemea zaidi mtambo wa Baricho, kando ya mto Sabaki, magharibi ya Malindi. Maji huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa ukingo wa mto, yakapita Kilifi na Mtwapa, na kupandishwa kwenye matangi ya Nguu Tatu, vilima vinavyoiangalia Bamburi kutoka magharibi, ili yashuke kwa uzito wake majumbani. Na Sabaki ni jina la mwisho tu la mto mrefu. Juu yake ni Galana, na juu ya Galana ni Athi, uliokusanya vijito vya Ngong, vya kusini mwa Aberdare na vya jiji la Nairobi lenyewe. Tsavo nao huingia ukileta maji ya Kilimanjaro. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi na Machakos, siku kadhaa baadaye bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na Baricho huona mto umefura, tope limejaa, nguzo za umeme zimesimama ndani ya maji. Mafuriko yamewahi kuisimamisha mitambo hiyo, na bomba la Bamburi likakauka huku redio ikitangaza mvua nchi nzima.

Kwa hiyo wiki ijayo ukifungua utabiri, soma Pwani, kisha usifunge. Tafuta mstari wa Nyanda za Juu Mashariki ya Bonde la Ufa, ule unaobeba Nairobi. Ukiona ilani ya mvua kubwa huko, jaza mitungi na tangi siku hiyo hiyo, hata kama Bamburi kuna jua kali na bomba linatoka vizuri.